Besimenti ya Minnesota: maji kwanza, joto mwisho

Kila ifikapo Oktoba simu yangu haitulii. Mtu kanunua nyumba Brooklyn Park au Saint Paul, mama yake anakuja kulea mjukuu, chumba cha kumlaza hakuna, imebaki besimenti, ile ghorofa iliyo chini ya ardhi. "Fundi, njoo unifungie jipsamu kule chini, weka na hita, tuwahi kabla ya theluji." Hapo ndipo ninapoanza kuudhi, maana namjibu kwa swali: ule ukuta huwa unalowa?

Mimi ni seremala. Randa nilianza kuishika Keko, Dar es Salaam, na makabati ya Keko hayakunifundisha chochote kuhusu zege lililozungukwa na udongo ulioganda. Huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, baridi inazama ardhini. Kanuni ya jimbo inataka kitako cha msingi kikae inchi 42 chini kwa upande wa kusini, na inchi 60 kwa upande wa kaskazini, ili udongo ukiganda usiinue nyumba. Mtu akishachimba kiasi hicho, anaongeza futi chache tu anapata ghorofa nzima chini ya ardhi. Ndiyo maana karibu kila nyumba inayo. Lakini haikujengwa watu walale. Ilijengwa iwekwe fanesi (tanuri linalopasha hewa ya nyumba nzima), hita ya maji na mashine ya kufulia.

Ninayoyaeleza ni ya baridi ya namna hii, Minnesota na majirani zake, na hata Waswahili wa Ottawa na Winnipeg yatawafaa. Aliyeko kwenye joto la kusini asinifuate.

Jambo la kushika ni moja: hewa yenye joto ya chumbani isiguse zege baridi. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji inatoka jasho, na ukuta wa besimenti nao hutoka jasho vilevile. Ukiuficha nyuma ya jipsamu, utaendelea kutoka jasho humo gizani, na mbao zitaoza bila wewe kujua. Kila hatua ninayoitaja hapa chini inatokana na hilo.

Maji

Usinunue hata msumari kabla hujaiona besimenti yako theluji inapoyeyuka, Machi na Aprili, na tena kwenye mvua za radi za Juni. Ukuta uliokauka Januari haukuambii kitu, kwa sababu maji yote ya nje yameganda.

Shuka na tochi. Unga mweupe ukutani ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopenya zegeni. Tazama rangi iliyobanduka, misumari yenye kutu kwenye ubao uliolala sakafuni, na mstari wa kutu kwenye miguu ya hita ya maji. Huo mstari unakuonyesha maji yaliwahi kufika wapi, hata kama aliyekuuzia nyumba aliapa kwamba ni kavu.

Kisha fanya jaribio la nailoni. Kata nailoni nene, futi 2 kwa 2, uibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha mwanya. Nyingine iweke sakafuni. Ziache siku mbili. Ukikuta maji kati ya nailoni na zege, yanatoka ardhini. Ukiyakuta juu ya nailoni, upande wako, ni hewa ya nyumba yenyewe inayogeuka maji kwa kukutana na baridi. Ya kwanza inatibiwa nje ya nyumba, ya pili inatibiwa na insulesheni, yaani kuufunika ukuta kwa kitu kinachozuia joto lisipite.

Nje, anza na mifereji ya paa. Inchi moja ya mvua juu ya paa la futi za mraba 1,000 ni zaidi ya lita 2,300, karibu mapipa 12 ya lita 200, na bomba la mfereji likiishia pembeni mwa msingi basi mapipa yote hayo umeyamwaga kwenye ukuta wako mwenyewe. Ongeza bomba liyapeleke maji futi 6 au zaidi mbali na nyumba. Udongo nao uteremke kutoka ukutani, inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Hii ni kazi ya koleo na toroli, Jumamosi mbili na vijana wako. Besimenti nyingi nilizoitwa kutazama, ugonjwa wake ulikuwa hapa hapa.

Kama kuna shimo la pampu ya kutoa maji sakafuni, mwagia ndoo ya maji uone pampu inaamka. Iwekee na betri ya akiba, maana dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Na kama baada ya yote hayo maji bado yanaingia, simama. Hapo unahitaji mfereji wa ndani kuzunguka msingi, na hiyo ni kazi ya wenye vifaa vyake. Rangi ya kuzuia maji inayouzwa kwenye ndoo haitibu ukuta unaosukumwa na maji. Inabanduka, na fedha yako inabanduka nayo.

Radoni, kabla hujafunika sakafu

Radoni ni gesi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na baada ya sigara ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha saratani ya mapafu. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba 2 kati ya 5 jimboni zina kiwango cha hatari. Nyumba zilizojengwa tangu katikati ya 2009 huwa na bomba lililotayarishwa kuitolea nje. Za zamani hazina. Kipimo ni kikopo kidogo unachokiacha siku chache madirisha yakiwa yamefungwa, halafu unakituma maabara. Ikisoma pikokyuri (kipimo cha mionzi) 4 kwa lita au zaidi, fundi anatoboa sakafu, anapitisha bomba na feni hadi juu ya paa. Kutoboa zege tupu ni kazi ndogo. Kutoboa sakafu uliyokwisha kuiwekea vigae ni kilio.

Vigae vyenyewe pia viangalie. Nyumba ya kabla ya miaka ya 1980 yenye vigae vya inchi 9 kwa 9 na gundi nyeusi chini yake, usivibandue wala kuvipiga msasa kabla havijapimwa asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Ukanda wa mbao juu ya msingi

Ningekuwa na siku moja tu ya kufanya kazi kwenye besimenti yako, ningeimalizia hapa. Inua macho pale ukuta wa zege unapoishia: mihimili ya sakafu ya juu imekalia msingi, na kati ya mhimili na mhimili kuna kijichumba kilichozibwa na ubao mmoja tu. Nje ya ubao huo ni Januari. Weka kiganja siku ya upepo utausikia unaingia.

Vuta pamba yote ya zamani ya kuzuia baridi uitupe. Ikiwa nyeusi, weusi ule ni vumbi lililochujwa na upepo uliokuwa ukipita humo miaka yote. Kata mabamba ya povu gumu ya inchi 2, yale ya pinki au bluu, kila kipande kipungue kidogo kuliko kijichumba chake, kama robo inchi kila upande. Kichomeke hadi kigusane na ubao, kisha zungushia povu la kopo kwenye mwanya wote, juu, chini na pembeni. Hilo povu la kopo ndilo linalozuia hewa; bamba peke yake halizuii. Vaa miwani na glavu, na nguo usiyoipenda, kwa sababu povu likishakauka kwenye ngozi halitoki kwa sabuni wala kwa dua.

Palipo na bomba la kutolea moshi wa fanesi au wa hita ya maji, povu lisikaribie. Pale tumia bati na silikoni ya kuhimili moto.

Ukuta

Niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyenunua nyumba ambayo besimenti yake ilikwisha malizwa vizuri, kwa macho. Jipsamu nyeupe, zulia la kijivu, taa za dari. Alichokuwa akikilalamikia ni kikohozi cha mtoto. Nilikata jipsamu futi moja kutoka sakafuni. Nyuma yake kulikuwa na nailoni, nyuma ya nailoni pamba ya kioo, na nyuma ya pamba zege. Pamba ilikuwa nzito kama imetoka kufuliwa. Nilipoivuta ikaja na karatasi yake yenye madoa meusi, na ubao wa chini nikauchoma kwa bisibisi ukaingia wote bila kukaza mkono.

"Kaka fundi, hii harufu mimi nilidhani ndiyo harufu ya huku chini," akasema.

Aliyeijenga alifanya kama ukuta wa ghorofa ya juu unavyofanywa: pamba, halafu nailoni upande wa chumbani. Juu ya ardhi, ukuta hukauka kuelekea nje. Chini ya ardhi, nje hakukauki kamwe; njia ya kukaukia ni ndani, na nailoni imeifunga. Huku pamba haizuii hewa, kwa hiyo hewa ya chumba inapenya kwenye viungo, inafika zegeni, inageuka maji. Basi pamba isigusane na zege, na nailoni usiiweke nyuma ya jipsamu.

Mimi hufanya hivi. Zege likishafagiliwa na nyufa kuzibwa, nabandika mabamba ya povu ya inchi 2 moja kwa moja ukutani, kutoka sakafuni hadi juu yakutane na ule ukanda wa mbao. Gundi iwe ya mabamba ya povu, kwa sababu baadhi ya gundi za kawaida huliyeyusha. Bamba la futi 4 kwa 8 linakatwa kwa kisu kirefu: kwaruza mara mbili, livunje juu ya goti. Kila kiungo kipigwe utepe wa ujenzi, na kingo za juu na chini zijazwe povu la kopo. Ukimaliza uuone ukuta mzima umevaa koti lisilo na tundu. Ukibaki na tundu la soketi au la bomba, hapo ndipo jasho litakapoanzia.

Inchi 1 ya povu hilo ni kama R-5, yaani inchi 2 ni R-10. R ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia joto lisipite. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyobaki kwako. Kwa ukanda wa baridi kama wetu kanuni za nishati hutaja R-15 mfululizo, au R-19 kati ya mbao, ila kila jimbo lina matoleo yake, hivyo ofisi ya ujenzi ya mji wako ndiyo yenye neno la mwisho.

Mbele ya povu nasimamisha fremu ya mbao za inchi 2 kwa 4. Ubao wa chini unaogusa zege uwe uliotiwa dawa. Kati ya nguzo najaza pamba ya mawe ya R-15. Sasa iko mbele ya povu, upande wenye joto, haina shida. Usisahau vizuizi vya moto: mkaguzi atatafuta kizuizi pale juu, fremu inapokutana na dari, na kingine cha wima angalau kila futi 10, ili moto usikimbie nyuma ya ukuta. Wengi hufelishwa hapo. Mwisho jipsamu ya nusu inchi, na hiyo si urembo: povu likiachwa wazi linawaka vibaya na moshi wake ni sumu, hivyo kanuni inataka lifunikwe.

Nyumba kongwe za Saint Paul zenye misingi ya mawe ya chokaa ni kesi nyingine. Bamba halilali juu ya jiwe lenye nundu. Huko waite wanaopuliza povu zito la kunyunyiza, na familia iondoke nyumbani kwa muda watakaoambiwa.

Sakafu

Zulia juu ya zege tupu, hapana. Mpangilio ninaoupenda ni bamba la povu la inchi 1, lile la kubeba uzito, viungo vyake vikipigwa utepe, na juu yake plaiwudi iliyokazwa kwa skrubu za zege, ikiacha mwanya wa nusu inchi kuzunguka ukuta. Mama akishuka alfajiri kuswali, miguu haitamuuma. Pima urefu hadi dari kabla: kanuni ya kawaida ni futi 7, na kila unachotandika kinaipunguza.

Sasa joto

Watu hutaka kuanzia hapa, kwa hiyo niwape hesabu ya kwa nini nimewachelewesha. Chukua ukuta wa futi 30 kwa 8, eneo futi za mraba 240. Ndani unataka 70 za Farenhaiti, na tuseme upande wa pili, kwa wastani, ni 35. Zidisha eneo kwa tofauti ya joto, gawanya kwa R. Bloku tupu tuipe R-2: 240 mara 35 gawa kwa 2 ni BTU (kipimo cha joto) 4,200 kwa saa, kama wati 1,230. Ile hita ndogo ya umeme ya dukani ni wati 1,500. Ukuta mmoja umeimeza karibu yote, na bado kuna kuta tatu. Ongeza povu la inchi 2, R inakuwa 12, na ukuta ule ule unapoteza BTU 700, wati 205 hivi. Ukinunua hita kabla ya insulesheni utanunua kubwa usiyoihitaji, na bili utailipa kila mwezi.

Kama fanesi yako ina nguvu ya ziada, njia rahisi ni kuongeza matawi ya mabomba yake ya hewa. Matundu ya joto yashushwe karibu na sakafu, sio darini, kwa kuwa hewa moto hupanda na mama yuko chini. Lazima pia kuwe na tundu la kurudisha hewa kwenye fanesi, la sivyo chumba kitajaa hewa isiyotembea. Tundu hilo lisiwe karibu na fanesi yenyewe, kwani linaweza kuvuta moshi wa gesi kuuleta chumbani. Kanuni huzungumzia futi 10. Na fanesi ya zamani inayovuta hewa ya humo humo chini usiifungie kwenye kabati lisilo na matundu.

Kwa chumba kimoja cha kulala, hita ndefu ya umeme ya volti 240 iliyofungwa chini ya ukuta inatosha. Ni rahisi kununua, haina kelele, ina swichi yake ya joto. Ubaya wake ni bili. Fundi umeme aivutie laini yake. Hita ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida inavuta ampia 12.5 kwenye laini ya 15. Ukiiunganisha na waya wa kurefusha chini ya zulia, umetega moto.

Kwa besimenti nzima mimi husema pampu ya joto. Ni kile kiyoyozi cha ukutani tunachokijua Dar na Mombasa, ila hiki kinageuka na kutoa joto. Zipo zilizotengenezwa kwa baridi kali, zinazoendelea kufanya kazi hata hasi 25 za Selsiasi. Kuna usiku huku inashuka zaidi ya hapo, kwa hiyo usikate joto la fanesi. Omba aina inayokaa karibu na sakafu. Na kiangazi inapoza na kukausha hewa.

Mabomba ya maji moto ndani ya sakafu ni raha, lakini yanazikwa zege likimwagwa. Kama zege lako lipo tayari, utabaki na mikeka ya umeme chini ya vigae vya bafuni.

Na tafadhali sana, wazee na vijana: jiko la mkaa halishuki zile ngazi. Hata dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Wala hita ya mafuta ya taa. Kaboni monoksidi haina harufu, na besimenti uliyoiziba kwa povu pande zote haina pa kuitolea. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya gesi hiyo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Weka na ya moshi.

Kibali na dirisha

Kibali kiombe mwanzo, usingoje jirani akuulize. Chumba cha kulala chini ya ardhi lazima kiwe na dirisha la kutokea: uwazi wa futi za mraba 5.7, urefu usiopungua inchi 24, upana inchi 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Mama wa miaka sabini aweze kupanda, na zimamoto aliyebeba mtungi aweze kuingia. Kukata zege kwa ajili ya dirisha hilo kunafanyika kabla ya povu, sio baada, na ndiyo gharama ambayo watu husahau kuiweka kwenye bajeti.

Mkaguzi aone nyaya, mabomba, fremu na insulesheni vikiwa wazi. Akishasaini, usikimbilie kufunga jipsamu siku hiyo. Piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana sakafuni, ili siku ukitaka kutundika televisheni ujue waya umepita wapi. Valvu ya maji na shimo la pampu viachie vijimlango. Ikifika Juni, zima joto, weka mashine ya kukausha hewa kwenye asilimia 50, na mpira wake uuelekeze kwenye tundu la sakafuni, maana ndoo yake hakuna anayekumbuka kuimwaga.